Uliza Mlima Kabla ya Kuingia Korongoni

Siku mliyoniaga pale kijiweni, katibu alinitaka niseme maneno mawili matatu. Nikatazama sufuria la makande, nikatazama nyuso zenu, nikaona wazi kwamba hakuna aliyekuja kusikiliza hotuba. Nikasema asanteni, tukala. Lakini nilipofika nyumbani maneno yakaanza kunisumbua, na kwa kuwa sasa sina abiria wa kumsubiri, nimenunua daftari. Haya nawaandikia ninyi mnaobaki na teksi zenu stendi ya Same. Someni kwa zamu, msigombanie.

Habari za mapato sitaandika. Aliyepata anajua, aliyekosa anajua zaidi. Wala sitaandika juu ya ile miaka minne niliyokuwa mwenyekiti wa kijiwe, maana kazi kubwa ya mwenyekiti ilikuwa kutafuta ufunguo wa choo. Nitaandika habari za barabara, za vifaa na za watu walionifundisha, halafu nitawaeleza ile safari ya korongoni, ambayo wengi wenu mmesimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Nilianzia Dar es Salaam. Mimi ni mtu wa milimani, nimelelewa kwenye migomba na mibuni, na mara ya kwanza kuendesha teksi peke yangu ilikuwa katikati ya Kariakoo. Abiria wangu wa kwanza alisema nimpeleke Ilala. Nikamwambia, “Wewe nielekeze, mimi nitaendesha.” Akacheka, akadhani namtania. Tulipozunguka mzunguko uleule mara ya tatu akaacha kucheka, akashuka, akapanda teksi nyingine, akaniacha hapo nikiwa sijui hata hapo panaitwaje. Kuanzia wiki ile, kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa natembea kwa miguu, mtaa kwa mtaa, nikihesabu kona. Ilinichukua miezi sita na jozi mbili za viatu.

Jiji likanizoea nami nikalizoea. Nilijifunza kumsoma abiria kwenye kioo: huyu ana msiba, huyu ana ugomvi na mkewe, huyu hana nauli lakini bado hajajiambia. Nilijifunza kutunza klachi kwenye foleni, na kunyamaza, jambo ambalo ni gumu kuliko klachi. Baada ya miaka tisa baba yangu alifariki, mama akabaki peke yake, nami nikarudi nyumbani kumtunza. Teksi nikaileta Same.

Niwaambie ukweli, nilikuja na kiburi. Nilifika stendi nimevaa miwani ya jua, gari linang'aa, nikiamini nimekuja kuwafumbua macho washamba. Dereva mkubwa wa pale alikuwa Mzee Kajiru, mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono iliyonuka dizeli hata siku ya Krismasi. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitika marahaba huku akilizunguka gari langu polepole. Kisha akaniuliza swali moja.

“Huko Dar kuna mlima?”

“Hakuna, mzee.”

“Basi hujaanza kazi.”

Wiki ileile nikapata abiria wa Ugweno, na Mzee Kajiru akakaa kiti cha mbele bila kualikwa. Kupanda tulipanda vizuri. Wakati wa kushuka, mimi na ujuzi wangu wa jijini nikaachia gari fri, yaani bila gia, ili kubana mafuta, mguu juu ya breki. Mzee alinyamaza kona tatu. Kona ya nne akaniambia nisimame.

“Unanusa?”

“Nanusa, mzee. Kama mpira unaungua.”

“Hiyo ndiyo harufu ya jeneza,” akasema, akashuka kutafuta kivuli.

Tulikaa pale saa nzima tukisubiri breki zipoe, huku bodaboda waliobeba mikungu ya ndizi wakitupita na kutupungia mkono. Hapo ndipo nilipofundishwa kwamba gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Anayepanda apewe njia, kwa sababu akisimama hataondoka tena. Kabla ya kona piga honi, na uzime redio ili usikie ukijibiwa. Ukizuia tairi kwa jiwe, liondoe jiwe hilo kabla ya kwenda zako, maana anayekuja nyuma yako naye ana mama. Mzee mwenyewe hakutumia jiwe. Alikuwa na kabari ya mti aliyoichonga kwa mkono wake, na mwaka uliofuata akanichongea ya kwangu. Kifaa bora kuliko hicho sijawahi kuwa nacho, pamoja na jeki zote za kisasa.

Jambo moja alilonifundisha nililikataa, nalo ni habari ya korongo. Mnajua ilivyo kwetu. Same yaweza kukauka mpaka mbuzi wakala maboksi, kumbe huko juu milimani kunanyesha tangu alfajiri. Mzee alikuwa anasema, “Kabla ya kuingia korongoni usitazame anga la juu yako. Uliza mlima.” Nilimwitikia ndiyo mzee, kama mnavyoniitikia mimi.

Basi siku moja, jua kali, nikaona korongo moja chini ya mlima lina mchirizi mwembamba wa maji safi. Maji ya bure, na mimi ni mtu wa jijini, napenda gari safi. Nikashusha gari mpaka kwenye mchanga. Nikatoa kapeti. Nikang'oa na kiti cha nyuma nikakianika. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaanza kuosha huku nikiimba. Kwanza nikasikia mngurumo, nikadhani ni lori barabarani. Nilipoinua macho, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanakuja yamebeba matawi. Niliwahi kuliondoa gari kwa neema ya Mungu tu. Kapeti zilikwenda, viatu vilikwenda, na kiti cha nyuma nilikiona kikielea kwa heshima zake zote kikielekea tambarare.

Nikarudi stendi miguu mitupu, na abiria wangu wa kwanza alikaa juu ya gunia. Dereva mmoja, Mrutu, hodari wa utani, akaliangalia gari, akaiangalia miguu yangu, akasema, “Karibu, Nuhu.” Hilo jina mnalolijua lilizaliwa pale. Mzee Kajiru hakucheka wala hakunigombeza. Alinipa ndara zake za ziada, akaniambia nikanywe chai. Alishatangulia mbele za haki, na mpaka leo nikiona wingu juu ya milima namkumbuka.

Sasa nimemtaja Mrutu, sina budi kueleza. Tulikuwa marafiki. Alikuwa dereva msafi kupita kiasi. Abiria mwenye vumbi alitandikiwa gazeti, na mwenye matope alisubirishwa nje mpaka yakauke. Siku moja basi liliingia, zamu ikiwa yangu, naye akambeba abiria aliyekuwa ananijia mimi. Aliporudi nilimwita mwizi wa zamu mbele ya kijiwe kizima. Akanijibu kwamba mtu aliyeshindwa kulinda kiti chake hawezi kulinda zamu yake. Watu walicheka. Mimi niliumia, na najua naye aliumia. Kuanzia siku ile hatukusalimiana kwa miaka kumi na moja. Tulipopishana mlimani tulipigiana honi, kwa sababu honi ni ya kazi. Zaidi ya hapo, kila mtu na lake.

Ndipo ikaja ile safari.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, nipo stendi, jua limeshaanza kuuma. Simu ikaita. Alikuwa Namkunda, binti wa kijiji kimoja juu kabisa ya Hedaru. Mama yake nilikuwa nampeleka kliniki ya macho, ndiyo maana alikuwa na namba yangu. Nilimfahamu kama msichana mpole aliyesomea ualimu, akahitimu, akakaa nyumbani miaka sita akilima tangawizi na kusubiri ajira.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Mbona unahema?”

“Nimekimbia kupanda huku kanisani kutafuta mtandao. Baba, nimepangiwa kazi. Jumbe za siku zote zimeingia sasa hivi kwa pamoja. Natakiwa kuripoti halmashauri, hapo Same, na mwisho ni leo. Nisipotokea nafasi anapewa mwingine.”

“Bodaboda je?”

“Huku kumenyesha siku mbili. Wote wamekataa kushuka. Mmoja ameanguka jana.”

Nikamwambia aandae vyeti vyake, naja.

Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu. Nilipiga hesabu: Same mpaka Hedaru, Hedaru mpaka juu, kisha kurudi. Muda ulitosha, ila haukubakiza wa kuchezea. Nilipofika kwenye korongo lililo juu kidogo ya Hedaru, mahali ambapo barabara inapita kwenye drifti, yaani sakafu ya zege iliyolazwa chini ya korongo, nilisimama. Maji ya jana yalikuwa yameshapita na zege limekauka. Anga lilikuwa bluu. Nikauliza mlima, na mlima ulikuwa mweusi. Sitajitetea. Niliona, nikaelewa, nikavuka. Nilijiambia nitawahi kurudi kabla ya maji. Nilikosea kwa dakika ishirini.

Kule juu barabara ilikuwa sabuni tupu. Namkunda alikuwa amesimama mlangoni na bahasha ya kaki kifuani, amevaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe, viatu vyake vizuri kavishika mkononi. Mama yake alinipa mkono, akarudi ndani. Tulishuka kwa gia ya kwanza.

Saa saba na robo tukafika kwenye drifti. Haikuwepo. Palikuwa na maji yanayopiga kelele, mapana kama uwanja wa mpira, yakiviringisha mawe. Mbele yetu kulikuwa na lori la tangawizi. Dereva wake aliyapima maji kwa macho, akaingia, akavuka taratibu, maji yakimfika nusu ya tairi.

“Baba, lori limepita,” Namkunda akasema.

“Lori lina tani saba. Sisi tutaelea.”

“Jaribu kidogo tu, baba. Nakuomba.”

“Hapana.”

Alianza kulia, bila sauti, na kile kilio cha kimya kiliniuma kuliko kama angepiga mayowe. “Miaka sita,” akasema. “Wenzangu wote wamepata. Mama ameuza mbuzi wake nisome. Baba, nitarudi nimwambieje?”

Ningeweza kumwambia habari za kiti kilichoelea, lakini haukuwa wakati wake. Kuendesha ni kazi yangu, na kukataa kuendesha ni kazi yangu pia. Hilo naomba mlishike hata mkisahau mengine yote. Abiria ana haki ya kulia. Dereva hana haki ya kuingia kwenye maji kwa sababu abiria analia. Lakini pia hana haki ya kukunja mikono.

Nikazima gari, nikafikiri. Juu ya pale, mwendo wa nusu saa kwa miguu, korongo linabanwa na miamba miwili. Hapo wakulima wana banio la kupeleka maji kwenye ndiva, lile bwawa lao la umwagiliaji tangu enzi za mababu, na wamelaza magogo mawili ya kuvukia. Mtu anaweza kupita, ila gari haliwezi. Kwa hiyo tulihitaji gari upande wa pili. Nikampigia mwenyekiti kijiweni, nikamuuliza ni nani yuko karibu na Hedaru.

Akasita. “Yuko mmoja tu. Ameshusha abiria sokoni sasa hivi. Ni Mrutu.”

Kumpata mwingine kutoka Same ingekuwa saa nzima. Nikabaki nimeshika simu. Namkunda akaniangalia.

“Unataka kumpigia nani, baba?”

“Mtu ambaye hatuongei.”

Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. “Basi mpigie,” akasema.

Nikapiga. Ikaita mara moja tu.

“Mrutu, ni mimi.”

“Naona. Imeandika Nuhu.” Kumbe miaka yote ile hakuifuta namba yangu. “Maji tena?”

“Maji. Nina abiria ng'ambo ya korongo. Ni mwalimu, anatakiwa halmashauri kabla ya saa tisa na nusu, ni siku yake ya mwisho kuripoti.”

Nikasikia gari likiwashwa kabla hajajibu.

“Mnavukia wapi?”

“Juu, kwenye magogo ya banio.”

“Nakuja,” akakata simu.

Niliweka kabari kwenye tairi, nikafunga milango. Bahasha ya vyeti niliifunga kwenye nailoni iliyokuwa imefunika kiti, nikaibana ndani ya shati langu, nikafunga mkanda juu yake. Tukapanda. Mimi ni mtu mzima, na mguu wa dereva umezoea kukanyaga mafuta, si kukanyaga utelezi. Namkunda ndiye aliyenivuta mkono mara mbili. Pale kwenye miamba tulimkuta mkulima mmoja aliyekuja kufunga banio ili tope lisijae kwenye ndiva. Alitutazama na nguo zetu za mjini, akajua tuna shida, akatangulia kuvuka, akajishika kwenye mwamba wa pili na kunyoosha mkono.

“Mmoja mmoja,” akasema. “Na msitazame maji.”

Namkunda alipita miguu mitupu, viatu mkononi. Niliogopa sana, sioni haya kusema. Magogo yalikuwa yanatetemeka kwa nguvu ya maji, na nilikuwa na maisha ya mtu ndani ya shati langu. Nilikwenda kwa kukalia, kama mtoto anayeteremka ngazi, na suruali ile haikufaa tena. Yule mkulima alinivuta mpaka nikasimama, akasema pole mzee, akarudi kwenye banio lake. Jina lake sikuuliza, na hilo nalijutia.

Tulikuwa tumejiandaa kuteremka kwa miguu mpaka barabara kuu. Hatukutembea hata robo ya njia. Chini ya kona ya kwanza tukasikia honi, ndefu, kisha fupi mbili. Mrutu alikuwa amelipandisha gari lake kwenye njia ya ng'ombe. Lile gari alilokuwa akilifuta kwa kitambaa cha flana kila asubuhi lilikuwa na tope mpaka kwenye vioo, na taa moja ya mbele imevunjwa na tawi. Alikuwa amesimama nje, mlango wa nyuma uko wazi.

Namkunda akafika, akatazama viti vyeupe, akatazama miguu yake iliyojaa tope mpaka magotini. Akaanza kutafuta jani la kujifutia. Nami nikatazama kama kuna gazeti mahali. Hakukuwa na gazeti.

“Ingia na matope yako, mwalimu,” Mrutu akasema.

Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemwita mwalimu ana kwa ana. Aliingia akijiziba uso. Mrutu akaketi kwenye usukani, nami nikampa bahasha kupitia dirishani.

“Wewe je?” akaniuliza.

“Gari langu liko ng'ambo.”

“Gari haliripoti kazini. Ingia.”

Nikaingia mbele. Tulishuka hadi Hedaru, tukaingia barabara kuu saa nane na nusu. Mrutu hakukimbiza gari kijinga. Alikwenda mwendo uleule bila kuupoteza, akipita malori pale tu palipofaa, na nilimtazama nikafurahi kama mtu anayemtazama fundi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimejinyima kuona jinsi mtu huyu anavyoendesha. Karibu na Same nikamwambia, “Siku ile nilikosea kukuita vile.” Akabadilisha gia. “Zamu ilikuwa yako,” akasema. Hatukuongeza neno.

Saa tisa na dakika ishirini tuliingia halmashauri. Mama wa ofisi ya utumishi alikuwa ameshavaa mkoba begani. Namkunda aliingia na miguu yake ya tope, viatu vizuri mkononi, akaweka bahasha mezani. Mimi na Mrutu tukasimama mlangoni, hatukuthubutu kukanyaga sakafu. Mama yule alifungua nailoni, akatoa cheti kimoja kimoja, akavipitia vyote. Vilikuwa vikavu. Akarudisha mkoba wake kwenye kiti, akavuta kitabu, akamwonyesha Namkunda mahali pa kusaini.

Alipomaliza kugonga muhuri akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

“Mwanangu, huko kwenu barabara imefungwa tangu saa saba, tumepigiwa simu. Wewe umefikaje hapa?”

Namkunda akageuka, akatuangalia sisi wazee wawili tuliosimama mlangoni, mmoja na suruali iliyochanika.

“Nimeletwa na madereva wa teksi wa Same,” akasema.

Mrutu akavua kofia. Mimi sikuwa na kofia, nikasimama wima.